Hedifoni za Bibi Harusi

Fundi alipiga ukelele mpaka kidakatonge kikaonekana. Mzee Mwinyimvua, hedifoni masikioni, hakusikia ila taarabu. Akafurahi mno.

Walikuwa Kibiti, dukani kwa fundi redio, tangu asubuhi. Biashara ilikuwa imefunguliwa, kila takataka ya Dubai imeshuka, na Mzee alitaka kuzijaribu zote. Hedifoni ndogo kwenye amplifaya kubwa zilikoroma, zikaungua. Zile kubwa kwenye redio ya kawaida zilinong'ona kama mbu. Fundi akamweleza kwamba vitu hivi ni mke na mume, visipolingana nyumba hailaliki. Ndipo akatoa kisanduku alichokiunda mwenyewe, akachomeka zile kubwa, vikaoana.

"Za nani, Mzee?"

"Za binti yangu, Muzdalifa. Anaolewa Ijumaa. Nataka siku hiyo asisikie hata radi."

Fundi akakivuta kisanduku upande wake. Kisha akasema Mzee akiache, atakaza nyaya, na Ijumaa atakileta mwenyewe kijijini kwao Chumbi.

Mzee hakuwa mjinga. Alikuwa na tamaa tu, na tamaa haina dawa. Alishamwahidi binti kwa Miraji, mwenye mashine ya kukoboa mpunga na lori, mzee mwenzake. Muzdalifa naye aliapa kwamba shehe akija kumuuliza, atakataa mbele za watu. Lakini binti asiyewahi kuolewa akiulizwa akanyamaza, kimya chake ndiyo idhini. Chumbi nzima inajua hivyo. Basi kilichotakiwa ni kimya, na kimya nacho siku hizi kinapatikana dukani.

Ijumaa kisanduku kikaja, kina tundu jipya ubavuni. La kupunguza joto, alisema fundi. Mzee akamwambia binti yake kwamba maharusi wa soko huria husikiliza muziki. Muzdalifa, ambaye mwezi mzima hakumpa baba yake hata shikamoo, alizipokea hedifoni kwa mikono miwili. Wanawake wakamfunika kanga juu ya hedifoni. Akakaa mkekani, anatikisa kichwa taratibu.

Shehe akaingia na mashahidi. Akamuuliza kama ameridhia kuolewa na Miraji. Kimya. Akauliza tena. Kimya. Moyoni Mzee alikwisha kupanda lori.

Mara ya tatu shehe hata hakupaza sauti.

"Sitaki," akasema Muzdalifa. "Na huyo Miraji anayekohoa huko barazani, shehe, mwambie asijisumbue."

Mzee akamvuta kanga, akamvua zile hedifoni, akajivika mwenyewe. Hapakuwa na wimbo. Kupitia lile tundu alisikia pumzi za shehe. Alisikia Miraji akitafuta viatu vyake barazani, na wanawake jikoni wakijizuia kucheka. Na kutoka uani, karibu kabisa, akamsikia fundi wa Kibiti akimuuliza mama yake Muzdalifa:

"Mama, sasa mimi posa yangu niilete lini?"