Mkono Wenye Povu

"Mtatia sahihi kwamba alisinzia," meneja alisema, akitikisa karatasi. "Asiyetaka ainue mkono, na leo hii aende zake nyumbani."

Mwenzetu alikuwa ameunguzwa na mashine ya kupiga pasi, na mashine ile ilikuwa mbovu tangu mwaka jana. Wafua nguo wote tulijua.

Asubuhi ya siku aliyoungua tulishikana naye mikono tukaimba kwamba tutamfuata Yesu hata kufa. Tuliimba mpaka mabati yakatetemeka. Sasa kila mmoja alikuwa ameona kitu kizuri sana sakafuni.

Mimi nilikuwa nimebakiza miezi mitatu nistaafu. Nikasema kimoyomoyo, "Bwana, si ungeningojea miezi mitatu tu?" Hakunijibu. Ananijua, angenijibu tungebishana.

Nikautoa mkono kwenye beseni, nikauinua. Povu likateremka polepole ndani ya mkono wa gauni mpaka kwapani, la baridi.

Meneja akacheka. "Bibi, unaomba kwenda chooni?"

"Nitakwenda, mjukuu wangu, maana hapa nilipo natetemeka mwili mzima," nikasema. "Lakini yule hakusinzia. Nilikuwa pamoja naye."