Tawi Lililoachwa Wazi

Ndege wa mkuyu mmoja walikuwa na adabu kupita kiasi. Hondohondo, aliyewafundisha makinda kuimba, alishukiwa kuwashikashika, lakini hakuna aliyemtaja hadharani.

"Hatumpaki mtu matope kwa tetesi," alisema Kwezi, mkuu wao.

Basi kila mama akamwondoa kinda wake kimyakimya, mpaka makinda wote wakabanana upande mmoja wa mti, na tawi la Hondohondo likabaki wazi.

Akahamia Ninga, mgeni, na kinda wake.

"Jamani, mbona tawi zuri hivi liko wazi?"

Kila mama akajifanya anachambua manyoya yake.

"Karibu, mama," alisema Hondohondo kwa upole. "Nafasi ipo."

Ninga alimgeukia Kwezi. "Dada, hapa ni salama?"

"Sisi hatusemi mtu, shoga," alijibu Kwezi, huku akiwasogeza wanawe mbali zaidi.

Ninga akamwacha kinda pale, akaenda kutafuta chakula. Aliporudi, kinda alikuwa amejikunyata kule kwa wenzake, haimbi, hasemi.

"Kumbe mlijua!"

"Tulishuku tu," alisema Kwezi. "Jina hatukulitaja."

"Mlilitaja, tena nyote," alisema Ninga. "Mlichagua tu nani asilisikie."

Upande wa pili, Hondohondo alikuwa akilipangusa tawi kwa bawa lake, taratibu, kama anayengoja wageni.