Shimo la Kina Bakari

Miaka hiyo mashimo ya choo yalikuwa hai, na kila shimo lilitii sauti moja tu, ya yule aliyelilisha chachu tangu lichimbwe. Kwa kina Bakari hakuna aliyetaka kujidhalilisha, wakamwachia kazi hiyo mkewe, Mwanakombo. Miaka tisa mawifi walimwita Bibi Choo. Kisha Bakari akampa talaka ili aoe mwingine.

Asubuhi ya harusi, shimo lenye njaa lilikuwa limefunga mabomba yote. Mama mkwe mwenyewe akamfuata Mwanakombo kwao.

"Mwanangu, tusitiri. Wageni mia mbili wanakuja. Sema nalo lifungue."

"Bibi Choo leo ni mwanao?"

"Yaliyopita si ndwele, mama."

Mwanakombo alikwenda. Akapiga magoti kwenye mfuniko, akamimina chachu, na shimo likacheua kama mtoto aliyeshiba. Akaliinamia, akanong'ona kwa upole uleule wa siku zote.

"Kula, kipenzi changu. Wageni wakishaketi, warudishie wenye nyumba kila walichokupa. Chote, cha miaka tisa."

Mama mkwe alikuwa amesimama mbali, ameziba pua. Aliposikia mabomba yakifunguka, akapiga kigelegele.