Kibuyu cha Laibrari Kuukuu

Kidole cha Kyule, fundi wa kompyuta, kilikuwa tayari kufuta toleo jipya la laibrari, msimbo unaotumiwa na programu nyingi, kwenye seva na kurudisha la zamani, ili programu kuukuu ya ghala la mbegu ikubali kufunguka. Nje, wakulima wa Nunguni walisubiri mbegu zao, mvua ilishaanza.

"Ukifuta, programu zingine zote zitakwama," mama mtunza ghala akamzuia. "Kwenu mnachanganya kunde za zamani na mpya?"

"Hapana, mama. Kila mbegu na kibuyu chake."

Mama akainama, akavuta kibodi. Kwa vidole vyenye majivu ya kuhifadhia kunde, akaiweka laibrari ya zamani kwenye folda yake yenyewe, akaandika mstari mmoja wa kuielekeza programu huko.

Programu ikafunguka, majina ya wakulima yakajaa kwenye skrini.

Kyule akainuka kitini. "Keti, mama. Nionyeshe tena."