Spika Nyuma ya Shuka

"Ya pili," mke wa Besi alisema, na sebule nzima ikageukia spika.

Mwenye nyumba, daktari wa meno mwenye kitambi na maneno mengi, alivuta shuka la bluu lililozifunika spika mbili. Spika ya kwanza ilikuwa ya Besi. Ya pili ilikuwa ya shemeji yake, mdogo wa mkewe.

Weee! Watu walipiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Shemeji mtu alinyanyuliwa juu juu kama bwana harusi. Besi naye alipiga makofi ya adabu, akajichekesha, akaenda kutafuta viatu vyake.

Besi ni jina la utani tu. Kazini alikuwa mpima ardhi, lakini ukimwuliza kazi yake atakwambia anaunda spika. Kila mwezi yeye na wenzake wenye ugonjwa huo huo walikutana kwa mmoja wao, wakafunika spika zao shuka, wakazipigisha wimbo mmoja kwa zamu. Mwenye nyumba ndiye aliyeshika swichi. Mwamuzi alikuwa mmoja miaka yote, mke wa Besi, na walimwita Sikio.

Sikio akisema hii imebanwa koo, basi imebanwa koo. Akisema ile inaungurumia tumboni, mtu mzima anarudi kwake kubomoa boksi. Hakuna aliyelalamika kwamba ni mke wa mshindani. Kwanza shuka lilikuwepo, na pili, aliwahi kumwangusha mumewe mara kadhaa. Hata siku hizo Besi alikubali yaishe, maana mke wake hakuwahi kusema jambo ambalo yeye mwenyewe hakulihisi moyoni.

Sharti lake Sikio lilikuwa moja, aketishwe mahali anapomwona mumewe. Wenzake walimtania Besi kwa hilo. "Wake zetu wanasinzia, wako anakukodolea macho kama mchumba!" Besi alikuwa akivimba kichwa kweli kweli.

Lakini leo? Leo ilimuuma. Kushindwa na daktari wa meno angemeza. Kushindwa na shemeji, dereva wa lori ambaye Besi mwenyewe alimfundisha hata kushika chuma cha kulehemu waya, hapana. Alikuwa amemwambia kila kitu. Usinunue spika kwa kusoma wati kwenye karatasi, watu wanaandika wanachotaka. Anza na boksi, liwe zito, uzibe kila upenyo. Usiishindilie pamba mpaka ikakosa pumzi. Ukitaka kuijua spika, msikilize mtu akiongea ndani yake, achana na ngoma.

Shemeji aliitikia "ndiyo shem, ndiyo shem," kisha akaenda kufanya ya kwake. Akakata mlango mkuukuu, akaugeuza boksi, akaacha tundu nyuma la kupita paka. Besi alicheka mpaka machozi. "Hii spika au banda la kuku?"

Na hilo banda ndilo mke wake wa ndoa amelichagua mbele za watu!

Walipofika nyumbani hakuvua hata koti. Alichukua bisibisi akaanza kufungua spika za sebuleni, zile kubwa alizozitengeneza mwaka waliohamia nyumba hii.

"Baba watoto, unafanya nini?"

"Namfungashia ndugu yako. Si ndiye fundi siku hizi? Azichukue zote, na bisibisi pia."

"Jamani, mchezo tu ule."

"Mchezo?" Aligeuka, bisibisi mkononi. "Mlipanga! Alikwambia ya kwake itawekwa ya pili, nawe ukasubiri ya pili. Nimekuamini kuliko masikio yangu mwenyewe, mama. Watu wakisema Sikio, mimi ndiye natembea kifua mbele. Kumbe unaniuza kwa ndugu yako hivi hivi, bila haya!"

Mkewe alijaribu kumshika mkono.

"Niache," Besi alisema. Akatoa simu, akaanza kuwaandikia wenzake wote. Alitaka wajue kwamba dada na mdogo wake walikula njama, kwamba dereva asikanyage tena kwenye mashindano, na Sikio asiitwe Sikio tena maisha yake yote. Vidole vilikuwa vinakosea herufi kwa hasira. Aliandika, akafuta, akaandika upya, akaacha kidole juu ya pale pa kutuma.

"Ukituma hiyo," mkewe alisema, "mdogo wangu hatakanyaga tena hapa. Unajua alivyo. Na yeye hana kosa."

"Basi mwenye kosa ni nani?"

Mkewe alivuta kigoda anachokalia kila Besi anapojaribu spika, akakaa mahali pake pa siku zote, macho kwa mumewe.

"Mimi. Lakini sikupanga na mtu. Mimi spika zote nazisikia sawa tu, baba watoto. Tangu tuoane. Hayo ya koo na tumbo ni maneno yako mwenyewe, nimeyaokota humu humu ndani."

Besi alimwangalia, simu mkononi, kidole bado kiko hewani.

"Acha utani. Sasa miaka yote hii ulikuwa unachagua vipi?"

"Nilikuwa naangalia uso wako," alisema. "Na leo ilipolia ile ya pili, ulifumba macho ukatabasamu."