Ulimi wa Mzee Ndolo

Mzee Ndolo alisukutua pombe ya asali mdomoni kama mtu anayesafisha meno, akafumba macho, na chumba kizima kikanyamaza. Alipenda sana watu wakinyamaza hivyo.

"Zombe," akasema. "Kule mvua ni ya kusikia kwa majirani. Ni migunga tu. Ndiyo maana hii inakwaruza koo, halafu inakaa kama moshi. Asali ni udongo uliopitia kwa nyuki, jameni."

"Ni Zombe," akakubali Nzomo, mwenye nyumba. Wageni wakapiga makofi.

Ndolo alishusha pumzi kimyakimya, kwa sababu alikuwa amebahatisha kidogo. Ilikuwa mwaka wa sabini na nne, kabla chifu wa Matiliku hajaanza kumwaga pombe za watu. Muli, mwana wa Ndolo, alitaka kumwoa Syombua, binti ya Nzomo, na Nzomo alikuwa mtu wa kumpima mkwe kwa kibuyu kwanza, mbuzi wa mahari baadaye. Pasta alikuwa ameambiwa ni mkutano wa mbuzi tu.

Shida ya Ndolo ilikuwa jina. Mwaka uliotangulia, kwenye sherehe moja mjini Wote, alikisifu kibuyu mbele ya umati, akataja kilima, mti, hata upande mzinga ulikoelekea. Mama aliyeipika pombe ile akasema alitumia sukari ya dukani. Tangu siku hiyo watoto walimwita Mzee Sukari, na yeye mwenyewe, akinyoa ndevu mbele ya kioo, alijikuta akijiita hivyo. Nani angemtoa binti yake aende nyumba ya Mzee Sukari? Muli alikuwa ameketi pembeni, anatafuna ukucha, na Ndolo alimwonea huruma kijana wa watu kwa kupewa baba wa aina hii.

Kibuyu cha pili kilimtoa jasho. Alionja, akaonja tena, akasema maneno mengi kuhusu mchanga na jua, kisha akafungua jicho moja. Kavata, dada yake Nzomo aliyeolewa Wote, alikuwa amemkodolea macho kama mama anayesubiri mtoto wake atajwe shuleni.

"Wote," akasema Ndolo, akafumba lile jicho upesi.

Makofi tena. Mtu akauliza fundi kama huyu ana mizinga mingapi. Ndolo akacheka. Hana hata mmoja, akasema. Magoti yake na miti havikusikizana tangu zamani. Asali haikukosekana kwake, ni kweli, lakini mzee anayependwa na watu hupewa vitu.

Nzomo akaingia chumbani mwenyewe, akatoka na kibuyu cha tatu.

"Hiki sikununua," akasema.

Ndolo akaonja. Safari hii hakuhitaji jicho la mtu. Furaha ilimpanda mpaka masikioni, akasimama bila kuombwa.

"Hii ni ya hapa! Mwamba ulio nyuma ya boma lako, Baba Syombua. Pale udongo ni haba, maua ni ya mshubiri, kwa hivyo utamu unatangulia na uchungu unafuata. Na si mizinga yote. Ni ule wa juu, kwa mti ulioinama, wenye nyuki wakali." Akajikuna nyuma ya sikio. "Tena nikuambie kitu ingine. Ya mwaka huu uchungu umezidi. Ya mwaka jana ilikuwa tamu zaidi."

Nyumba ililipuka kwa vifijo. Kavata alipiga kigelegele, mtu akatangaza kwamba Mzee Sukari amekufa na kuzikwa, na Muli akauacha ukucha wake. Ndolo aliketi machozi yakimlengalenga. Hakuwa amewahi kupata tatu kwa tatu maishani mwake.

Nzomo peke yake hakupiga makofi. Alikiziba kibuyu polepole, akakiweka chini kati ya miguu yake.

"Umepata, Mzee. Ni mzinga ule," akasema. "Niliutundika mwaka Syombua alipozaliwa, na kila mwaka nikipanda kurina nakuta mtu amenitangulia. Mwaka huu nikaamua kulala chini ya mti. Hiyo umeonja ndiyo asali yake ya kwanza kuingia kwa hii nyumba."