Kitambaa cha Juu

Wewe umewahi kuogopa kipande cha kitambaa? Mwatumu alikiogopa. Alishona nepi za wazee wasioweza kuzuia mkojo, na kitambaa cha juu, kile kinachogusa ngozi, alikipima kwa kukisugua shavuni mwake. Cha kwanza kilikuwa laini, lakini kilimchubua mama mkwe wake, Bi Mwanakombo, aliyejifunga nepi mwenyewe ndani ya kanga, kimya, mpaka damu ilipoonekana kwenye shuka. Mwili ule haungehimili kidonda kingine. Leo alikisugua kipya shavuni.

“Hiki hakitakuumiza, mama.”

Bi Mwanakombo, aliyezoea kujibu “haya, mwanangu,” akamshika mkono.

“Shavu lako bado bichi; ngozi yangu ni kavu na nyembamba. Kijaribu hapa pajani pangu. Nilitaka hivyo tangu mwanzo, ila mkwe utamfunulia paja vipi?”